Magodoro Ukutani

Sehemu ya Tisa

"Nani anakatwa koo?"

Seremala aliuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma, fimbo mkononi, na hapo ndipo nafasi ya gazeti ilipotuishia. Kwa wewe uliyepitwa, nakupa mambo kwa kifupi, halafu tukimbie.

Dada ndiye yule anayetangaza treni pale stesheni. Mji mzima unaijua sauti yake nene, tulivu, lakini hakuna anayeijua sura yake. Kooni mwake kumeota kitu. Jumanne madaktari watakitoa, na watakitoa pamoja na kisanduku chote cha sauti. Akizinduka atakuwa anapumua kwa tundu shingoni, na hatasema tena neno hata moja maisha yake yote.

Mumewe, Seremala, ni kipofu tangu kopo la vanishi lilipomlipukia usoni miaka minne iliyopita. Dunia yote anaiona kwa sauti ya mkewe. Ndiyo maana Dada alimwendea mdogo wake, Fundi, mtengeneza redio anayeishi nao nyumba moja, mwenye kistudio cha kurekodia katika chumba cha nyuma. Wakapatana wawili hao. Wamfiche Seremala ugonjwa, na wakati huohuo warekodi maneno ya kila siku: "Umeamka?" "Kuna kizingiti hapo." "Chai ya moto hiyo, angalia mkono." Fundi angeyatia katika kijisanduku cha vitufe, kila kitufe na neno lake. Seremala akaambiwa kwamba ni matangazo mapya ya stesheni.

Uongo ule uliishi siku kumi na moja. Jumamosi, saa tatu asubuhi, ukafa.

"Hakuna anayekatwa koo, shemeji," Fundi alisema upesi. "Tulikuwa tunazungumzia maiki. Ina sehemu tunaiita koo."

"Maiki ina koo?"

"Lugha ya kifundi tu, shemeji."

"Macho nimeshapoteza," Seremala alisema. "Usinitie uziwi na masikio."

Dada alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

"Ni mimi, mume wangu. Jumanne."

Akamweleza yote. Hakulia. Alisema kwa sauti ileile anayotumia kutangaza kwamba treni ya saa nne imechelewa, na pengine hilo ndilo lililomvunja mume. Aliegemea mwimo wa mlango, akashuka nao mpaka sakafuni.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na mimi nikawa nakusifu kwamba stesheni wamekupa kazi mpya! Nikawa nakupigia makofi mezani!" Alicheka kicheko kimoja kikavu. "Mlikuwa mnanionaje?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ghafla Seremala akainuka, akanyanyua fimbo juu. Fundi alijikunyata akisubiri kipigo. Fimbo ikapita juu ya kichwa chake, ikapiga ukuta. Pwa!

Seremala akaganda. Akageuza sikio. Akapiga tena. Pwa!

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Hebu nisikilizishe mlichorekodi."

Fundi akabonyeza kompyuta. Spika mbili ndogo zikasema: "Karibu mume wangu, kiti kiko kushoto."

"Huyo nani?"

"Mimi," Dada akasema.

"Si wewe. Huyo ni mtu aliyetumbukia ndani ya pipa." Seremala akatikisa kichwa. "Kwa hiyo ninyi mnanitoa kwenye giza moja, mnanitia la pili, halafu mnanipa mwanamke wa kwenye pipa anifundishe njia?"

Maneno yale yalimchoma Fundi kuliko fimbo. Siku kumi na moja alikuwa akibandika trei za mayai ukutani, trei mia mbili na kumi, mpaka vidole vikashikana kwa gundi. Kila mtu alikuwa amemwambia kwamba trei za mayai ndizo dawa ya mwangwi.

"Na trei zote hizi, shemeji?"

"Mayai yaliliwa?"

"Yaliliwa."

"Basi hiyo ndiyo faida yake pekee."

Dada akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamshika mpaka akashika meza. Fundi akakumbuka onyo la daktari: dakika chache tu za kusema kwa siku, basi. Sauti ile ilikuwa kama maji ya mwisho mtungini. Ikizidishwa, itakauka kabla ya Jumanne.

Alikumbuka. Nataka ulijue hilo, msomaji, kwa sababu baada ya hapo alisahau.

*

Seremala alisimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja kali.

"Umesikia?"

"Nimesikia kofi."

"Kofi moja, lakini limejibiwa mara sita. Trrrr! Kuta hizi mbili zinatazamana uso kwa uso, zinarushiana sauti kama watoto na mpira. Hizo ni sauti nyembamba, za juu. Sasa, mke wangu, sema kitu kwa sauti ya chini."

"Treni iendayo kaskazini," Dada akasema.

"Umesikia ilivyovimba? Sauti yake ni nene, inakwenda kujikusanya kwenye pembe, halafu inarudi na mizigo. Trei ni karatasi. Sauti nene inaipita karatasi kama haipo." Alipapasa ukuta, akang'oa trei moja, akaitupa. "Chumba hiki kina hatua ngapi?"

"Tatu kwa tatu na nusu."

"Na maiki umeiweka wapi?"

"Katikati kabisa."

"Hapo hapo panapopotosha sauti kuliko pote! Shemeji, wewe ulifundishwa na nani?"

"Nilijifundisha mwenyewe."

"Mwalimu wako alikuwa hajui kitu."

Saa nne walikuwa wameng'oa trei zote. Saa tano godoro la chumba cha Dada na mumewe lilikuwa linapita ukumbini, zito, nene, la sufi, Fundi akilisukuma kwa bega na Seremala akilivuta. Likafuatia godoro la Fundi mwenyewe.

"Tutalalia nini?" Dada akauliza.

"Jumanne ikishapita tutalala," mumewe akasema. "Sasa hivi hakuna anayelala."

Kisha likatokea jambo ambalo Dada hakuwa ameliona kwa miaka minne. Seremala aliomba sanduku lake la zana.

Akalifungua. Akapitisha vidole juu ya randa, juu ya patasi, juu ya msumeno, kama mtu anayewasalimia ndugu mmoja mmoja. Tangu mlipuko ule hakuwa amezigusa. Akaagiza kitanda kivunjwe. Akazipima mbao zake kwa shubiri, akaweka alama kwa kucha, akakata. Fundi alishika upande wa pili, moyo juu, akiangalia msumeno ule ukienda na kurudi karibu na vidole vya kipofu.

Ngo! Nyundo ikatua.

"Aah!"

"Nani kaumia?"

"Mimi," Fundi akasema, kidole mdomoni.

"Macho unayo wewe, na vidole unajigonga wewe. Haya, lete msumari mwingine."

Dada alikaa juu ya kigoda kando ya mlango, akamtazama mumewe jasho likimtiririka na unga wa mbao ukimkaa kwenye nyusi. Miaka minne alikuwa akimtengea kiti dirishani asubuhi na kumkuta hapohapo jioni. Leo alikuwa anafoka, anatania, anaamuru. Alikuwa mwanamume aliyemuoa.

Na kila baada ya dakika chache mwanamume yule aligeuka akasema: "Mke wangu, hebu sema kidogo."

Na yeye akasema.

Waliyasimamisha magodoro pembeni, kila moja ndani ya fremu, shubiri nzima kutoka ukutani. Seremala hakutaka yagusane na ukuta, ili sauti ikipenya godoro, ikagonge ukuta, irudi tena kulipenya, ichoke mara mbili.

"Sema kidogo."

"Moja, mbili, tatu."

Bado inavimba. Wakasogeza kabati la nguo nyuma ya Dada, milango wazi, magauni na makoti yamebanana ndani.

"Sema tena."

"Moja, mbili, tatu. Kuna kizingiti hapo."

Afadhali. Wakatundika blanketi darini, limelegea kama tumbo la ng'ombe. Wakatandika zulia. Wakazidisha: sauti sasa ikawa bubu, imefunikwa.

"Mmeiua," Seremala akalalamika. "Sasa yuko chini ya mto wa kulalia. Toa hilo blanketi nusu. Nipe vipande vya mbao, virefu kwa vifupi, nivipange ukuta wa nyuma, sauti igonge itawanyike."

"Dada, sema," Fundi akaomba.

"Moja, mbili, tatu."

"Maiki isogee hatua moja kuelekea dirishani. Sema."

"Moja, mbili, tatu."

"Geuka kidogo. Sema."

"Moja... mbili... tatu."

Fundi, hedifoni masikioni, macho kwenye mishale ya kompyuta, alikuwa amelewa kazi. Alisikia mwangwi ukipungua. Alisikia uvimbe ukishuka. Kitu kimoja tu hakukisikia, nacho ni kwamba kila "moja, mbili, tatu" ilikuwa nyembamba kuliko iliyotangulia.

*

Saa nane mchana Seremala alisimama mahali palepale pa asubuhi, akapiga kofi.

Kofi moja tu lilisikika. Hakuna kilichorudi.

Alitabasamu. "Sema, mke wangu. Mara ya mwisho."

Dada akaikaribia maiki. Akameza mate. Alionekana amechoka, lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe.

"Moja, mbili, tatu," akasema. "Mume wangu, umefanya kazi nzuri. Unga umekujaa nyusi."

Fundi nywele zilimsimama. Katika hedifoni hapakuwa na pipa wala mto wala ukuta. Alikuwa dada yake, karibu kiasi cha kusikia midomo yake inavyoachana. Akazichomoa hedifoni, akamvika shemeji yake.

"Sema jina langu la nyumbani," Seremala akaomba.

Dada akalinong'ona. Silitaji hapa, ni lao wawili.

Seremala akapiga magoti. Machozi yakatoka katika macho yale yasiyoona.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye. Fundi, umeinasa hiyo?"

Fundi akageukia kompyuta.

Akaangalia skrini, akaangalia tena.

"Fundi?"

"Lilikuwa jaribio, shemeji. Tulikuwa tunajaribu tu..."

"Umeinasa au hukuinasa?"

"Sikubonyeza."

Kimya. Na katika chumba kile, sasa, kimya kilikuwa kimya kweli. Kilisikika kama pamba iliyosukumwa masikioni.

"Si kitu," Seremala akasema hatimaye, akijikaza. "Chumba tunacho, na yeye tunaye. Bonyeza sasa. Mke wangu, tuanze na lile la asubuhi. Umeamka."

Fundi akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Akamwashiria dada yake.

Dada akafungua mdomo.

Pumzi ikatoka.

Akafunga mdomo, akasafisha koo, akafungua tena. Pumzi, na mkwaruzo mdogo ndani yake, kama mlango wa mbali unaoburuzwa.

"Mbona hasemi?" Seremala akauliza.

"Subiri, shemeji. Anapumzika."

Akapewa maji ya uvuguvugu. Akafunikwa shuka juu ya sufuria ya mvuke. Akakaa nusu saa hajatikisa hata ulimi. Taa nyekundu ikawaka tena. Pumzi. Saa tisa ikawaka mara ya tatu. Safari hii hata mkwaruzo haukuwapo.

Dada alishika koo lake kwa mikono miwili, akamtazama mdogo wake. Hakukuwa na lawama katika macho yale, na hilo ndilo lililommaliza Fundi.

Alifungua mafaili yote. Yale ya siku kumi na moja, na machache ya asubuhi aliyoyarekodi kabla ya kuacha kubonyeza, yalikuwapo, yote ya mwanamke wa kwenye pipa. Baada ya hapo hakuna. Alihesabu kwenye karatasi alama alizokuwa akichora kila wanaposogeza kitu: arobaini na tatu. Mara arobaini na tatu walimwambia aseme. Waliitumia sauti yote kutengeneza chumba cha kuiwekea.

"Mimi ndiye niliyemchosha," Seremala akasema sakafuni. "Nilikuwa nafurahi. Nilisahau."

"Mimi ndiye niliyeambiwa na daktari, shemeji. Wewe hukujua."

"Kumbe kulikuwa na onyo?"

Fundi aliinamia karatasi ya alama.

"Na hilo pia mlinificha," Seremala akasema.

Dada akashuka kutoka kwenye kigoda, akaketi kati yao, akamshika kila mmoja mkono. Alitaka kusema kitu. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya alama, kisha akabaki ameishika karatasi hewani, akimtazama mumewe asiyeona. Ndipo wote wawili, ndugu kwa ndugu, walipoelewa Jumanne itakavyokuwa. Yeye ataandika. Yule hataweza kusoma.

Fundi akaichukua, akaisoma kwa sauti: "Anasema, 'Nilijua inaisha. Nilipenda kukuona ukifanya kazi.'"

Seremala akaficha uso katika mikono yake.

*

Saa tisa na nusu simu ya Fundi ikalia. Namba ya hospitali. Akaiweka kwenye spika, wote wasikie.

"Ndugu wa yule mtangazaji wa stesheni?" Ilikuwa sauti ya nesi, yenye haraka. "Jumanne hakuna upasuaji. Daktari bingwa ameitwa kwingine, anaondoka kesho mchana. Nafasi iliyobaki ni kesho asubuhi. Mgonjwa alazwe leo kabla ya saa kumi na moja."

"Leo? Na tukikosa leo?"

"Wiki sita."

"Nesi, sauti imemzimika saa hizi. Inaweza kurudi?"

"Akinyamaza kabisa, wiki mbili au tatu, huenda ikarudi kidogo." Karatasi zikapekuliwa upande wa pili. "Lakini kwenye faili lake daktari ameandika kwa kalamu nyekundu: asisubiri. Kaka, njia ya hewa inaziba. Wiki sita hana. Mnakuja au hamji? Kuna mgonjwa mwingine yuko hapa kwenye benchi anaitaka nafasi hii."

"Tunakuja!" Seremala akasema, akiinuka, akipapasa fimbo. "Mwambie tunakuja. Sauti na iende. Nataka mke, nikimgusa nimkute. Mengine tutajifunza."

Lakini Dada alikuwa ameshaivuta karatasi. Kalamu ikakwaruza, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba Seremala alisimama kuisikiliza.

"Anaandika nini?"

Dada akamkabidhi mdogo wake karatasi. Fundi akasoma kimoyomoyo.

*Siendi. Nitanyamaza wiki tatu, sauti ikirudi tutarekodi humu. Baada ya hapo liwalo na liwe. Usiponisomea hivi nilivyoandika, wewe si ndugu yangu.*

"Hallo?" nesi akasema. "Nijibuni."

"Shemeji, kaandika nini?"

Fundi alimtazama dada yake. Mwanamke huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Ndiye aliyemsomea barua, aliyemjibia watu mlangoni alipokuwa mtoto mwenye haya, aliyemsemea kila mahali. Leo alikuwa hana mdomo mwingine duniani isipokuwa wa mdogo wake huyu.

"Kaandika..." Fundi akasema. "Kaandika, 'Twendeni.'"

Dada akatoa macho.

"Anakuja, nesi," Fundi akasema kwenye simu. "Kabla ya saa kumi na moja tutakuwa hapo." Akakata.

Dada akaipiga meza kwa kiganja. Akanyakua karatasi, akaipeperusha mbele ya uso wa mumewe, mbele ya macho yale yaliyokufa, kisha akagundua anachofanya, akaiachia ikaanguka. Mdomo wake ulifunguka na kufungika. Hakuna kilichotoka.

"Asante, mke wangu," Seremala alikuwa akisema, machozi ya nafuu yakimshuka. "Asante. Nilidhani utakataa. Nakujua ulivyo mbishi. Uko wapi? Nipe mkono."

Fundi akasogea kumzuia dada yake. Alichelewa. Dada alikuwa ameshaishika mikono miwili ya mumewe, mikono ile migumu yenye unga wa mbao, akaibandika kwenye mashavu yake, moja huku, moja kule, akaikandamiza hapo.

Seremala akatabasamu. Kisha tabasamu likaganda. Mikono yake ilikuwa inakwenda kushoto, ikirudi kulia, ikienda tena kushoto.

"Shemeji," alisema polepole, bila kuiondoa mikono. "Mbona mke wangu anatikisa kichwa?"